Kivutio cha Nuru: Uchaguzi wa Taa za Kuvulia Dagaa katika Ziwa Tanganyika

Usiku usio na mwezi, mtu asimamaye ufukoni mwa Ujiji au katika mwalo wa Kibirizi huona mstari mrefu wa taa ukielea magharibi, kana kwamba kuna mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Kila moja imewekwa pale kwa gharama, na kila moja inashindana na jirani yake kuwaita samaki walio katika kiza cha chini. Asubuhi wavu ukiisha kufunguliwa, mvuvi mmoja hupata ndoo nyingi na mwenziwe hupata chache, na mara nyingi lawama huiangukia taa. Ndipo husemwa kwamba yafaa kununua taa kali zaidi.

Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba ukali wa taa ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Rangi ya nuru, mwelekeo wake, utulivu wake, mahali inapowashwa na gharama yake kwa usiku mmoja vina uzito mkubwa kuliko ukali peke yake. Mwenye chombo ambaye hajui hivyo huweza kutumia fedha mara nane ya jirani yake, akapata faida ya mita chache tu za maji.

Taa ya dagaa ni kivutio, na elimu ya vivutio ni pana. Wako wawindaji wavutao mnyama kwa harufu, wako wavutao kwa sauti. Huko Marekani wawindaji wa bata mzinga wa mwituni hutumia chombo kidogo cha mviringo chenye kibao cha jiwe juu yake, jiwe la aina ile ile iliyokuwa ikitumika zamani kuandikia shuleni. Husugua kijiti juu ya jiwe hilo, nalo hutoa sauti ifananayo na ya jike, na dume husogea kulitafuta. Wawindaji hao hubishana sana juu ya uteuzi wa chombo: jiwe hutoa sauti laini ifaayo kwa karibu, kioo hutoa sauti kali ifikayo mbali siku ya upepo. Aliye stadi huanza kwa sauti kubwa, kisha hupunguza kadiri ndege anavyokaribia. Mvuvi wa Kigoma atayatambua mabishano hayo mara moja, maana ndiyo yake mwenyewe, isipokuwa kwamba yeye huita kwa nuru.

Samaki anayeitwa

Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili. Aliye wengi zaidi katika maji ya mbali na pwani ni yule ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae, samaki mwembamba wa rangi ya fedha ambaye kwa kawaida hazidi sentimita 10. Wa pili ni Limnothrissa miodon, ambaye wengi humwita lumbu. Huyu hukua zaidi na hupenda kukaa karibu na pwani hasa akiwa mchanga. Ng'ambo ya Burundi na Kongo huitwa ndagala, na Zambia huitwa kapenta. Wote wawili ni wa jamii moja na samaki wa baharini waendao kwa makundi makubwa, na ni samaki wa maisha mafupi: dagaa wengi hawamalizi hata mwaka mmoja na nusu.

Mchana dagaa hukaa chini, ambako nuru ni hafifu na adui hawaoni vizuri. Jua likizama hupanda juu kuwafuata wadudu wadogo wa majini wasioonekana vema kwa macho yetu, ambao nao hupanda wakati huo huo. Safari hii ya kila siku ndiyo imfanyayo mvuvi afanye kazi usiku. Hawawezi hata hivyo kushuka watakavyo. Ziwa lina kina cha mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, lakini hewa ya oksijeni imo katika tabaka la juu tu, kuanzia mita 100 hivi upande wa kaskazini hadi mita 200 na zaidi upande wa kusini. Chini ya hapo hakuna samaki awezaye kuishi. Kwa hiyo utajiri wote wa ziwa hili la kutisha umo katika ngozi yake ya juu, nasi tunauvuna kwa taa.

Kwa nini dagaa huifuata taa? Jibu moja halitoshi. Samaki waendao kwa makundi huongozwa na macho. Penye nuru huonana na kukusanyika upya. Vilevile wadudu waliwao hukusanyika penye nuru, na samaki hupata chakula pale. Tena yumkini jicho lililokwisha kuzoea giza hupotewa na mwelekeo linapokutana na nuru kali, hata samaki akazunguka bila kujua njia ya kutoka. Nyuma yao huja mgebuka, ambaye huwinda kwa macho na kuwafuata dagaa hadi chini ya taa. Ndiyo sababu wavu wa dagaa huleta pia migebuka, wakubwa kwa wadogo.

Kabla ya karabai, wavuvi wa pwani hii waliwasha moto wa kuni au matete makavu mbele ya mtumbwi na kuteka dagaa kwa lusenga, yaani wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 wavu wa kuinua ulianza kuenea: mitumbwi miwili hufungwa pamoja kwa miti, wavu hushushwa chini yake, taa huwashwa juu, na samaki wakiisha kukusanyika wavu huinuliwa. Namna hiyo ndiyo itumikayo sana mpaka leo, na kwa hiyo katika makala haya tutaifikiria hiyo.

Nuru inapoingia majini

Nuru huenda vingine majini kuliko hewani. Kwanza, si yote iingiayo. Mshale wa nuru ushukao wima juu ya maji matulivu hupoteza sehemu 2 tu katika 100 kwa kurudishwa juu, lakini mshale upigao uso wa maji kwa mlalo hurudishwa karibu wote. Taa iliyoning'inizwa bila kofia hutupa nusu ya nuru yake angani, na sehemu nyingine huteleza juu ya mawimbi na kuwapendeza watazamaji wa Ujiji. Kofia ya bati jeupe au la kung'aa, ielekezayo nuru chini, ni nyongeza ya bei ndogo kuliko zote, nayo huweza kufanya taa moja itende kazi ya mbili.

Pili, maji humeza nuru, na hayamezi rangi zote sawasawa. Nuru nyekundu hupoteza nusu yake katika mita 2 hivi hata katika maji safi kabisa. Nuru ya manjano huenda mbele kidogo. Buluu na kijani ndizo ziendazo mbali: katika maji maangavu buluu hushinda, na katika maji yenye mimea midogo mingi kijani hushinda. Ziwa Tanganyika ni angavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini karibu na midomo ya mito, kama vile Malagarasi wakati wa masika, maji hujaa tope na hesabu zote hubadilika.

Mvuvi anaweza kuyapima maji yake mwenyewe. Mwaka 1865 padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kuandika kina ambacho haikuonekana tena. Kipimo hicho bado hutumika duniani kote. Sahani nyeupe ya kulia chakula, jiwe la kuizamisha na kamba yenye fundo kwa kila mita vinatosha. Kipimo kifanywe mchana, upande wenye kivuli cha mtumbwi. Mahali ambapo sahani hupotea katika mita 10 au zaidi, nuru yenye buluu itafaa. Inapopotea katika mita 3 au 4, kijani kitafaa zaidi, na inafaa kujiuliza kama pana haja ya kuvua hapo hata kidogo.

Sasa tufike kwenye hesabu iliyo kiini cha jambo. Tuseme maji yetu yanameza nusu ya nuru kwa kila mita 4 na nusu, kiasi ambacho si mbali na hali ya ziwa likiwa angavu. Tuseme pia kwamba nuru ya taa moja inaonekana na dagaa hadi kina fulani. Tukiongeza taa ya pili iliyo sawa na ya kwanza, tumeongeza nuru mara mbili. Lakini mita 4 na nusu za maji zitaimeza nyongeza hiyo yote. Taa nne zitatupa mita 9, na taa nane mita 13 na nusu. Nuru pia hutawanyika kadiri iendavyo, kwa hiyo faida ya kweli ni ndogo kuliko hiyo. Mwenye chombo aliyetoka taa moja hadi nane amelipa mara nane, naye hakupata samaki wa mara nane, ila mita zisizofika 14. Wakati huo huo, aliyebadili rangi ya taa yake kutoka nyekundu-manjano hadi ya kibuluu huenda amepata mita zizo hizo bila kuongeza hata wati moja.

Mwezi na taa

Kila mvuvi ajua kwamba katika mbalamwezi kazi hulala, na kwa juma moja hivi mitumbwi mingi hubaki pwani. Hesabu yaweza kueleza sababu. Taa moja ya karabai hutoa lumeni 1,200 hivi, ambazo zikitawanyika pande zote ni sawa na kandela 100. Mwezi mpevu hutoa juu ya ardhi na maji nuru ya robo ya luksi. Nuru ya taa hupungua kwa mraba wa umbali. Basi umbali ambao taa hiyo hulingana na mwezi ni mita 20 tu. Nje ya duara hilo mwezi una nguvu kuliko taa. Usiku wa nyota pekee, nuru ya mbingu ni kama sehemu moja katika 1,000 ya luksi, na duara la taa ile ile hufika mita 316. Hesabu hii ni ya hewani, lakini uwiano wake hueleza yatokeayo majini. Kivutio ni tofauti kati ya nuru na giza. Giza likiondoka, hakuna kivutio.

Kwa hesabu hiyo hiyo, atakaye kuushinda mwezi mpevu kwa kutumia taa nne badala ya moja atalipanua duara kutoka mita 20 hadi 40 tu. Ni afadhali alale, ashone nyavu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalisemi: jirani yako naye ni mwezi wako. Vyombo viwili vikiegesha karibu mno, kila kimoja hupunguza giza la mwenziwe. Penye vyombo vingi, kila mmoja huongeza taa ili kumshinda jirani, jirani naye huongeza, na mwisho wote wamelipa zaidi na samaki wamegawanyika vile vile. Kusogea mbali ni dawa rahisi kuliko kununua taa.

Karabai au ledi

Karabai imeitumikia pwani hii kwa muda mrefu na haifai kudharauliwa. Mafuta ya taa husukumwa kwa pampu, hugeuka mvuke na kuwaka ndani ya kifuko cha kitambaa ambacho hung'aa kwa weupe mkali. Chombo ni cha kueleweka, hutengenezwa na fundi yeyote mwaloni, na nuru yake imekwisha kuthibitishwa na vizazi vya wavuvi. Ubaya wake ni kwamba ni jiko zaidi ya kuwa taa. Lita moja ya mafuta ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi na hutosha kwa saa 8. Maana yake karabai moja hutumia kama wati 1,200. Kwa kila wati tunapata lumeni moja hivi tu. Zilizobaki ni joto, na sehemu kubwa ya nuru yenyewe imeelemea manjano na nyekundu, ambazo maji huzimeza kwanza. Mvua ikipiga kioo cha moto, kioo hupasuka. Upepo ukizidi, kifuko huvunjika, na taa huanza kupepesa.

Taa za ledi, yaani zile za vijiwe vidogo vya diodi vitoavyo nuru umeme unapopita, zilienea upesi ziwani katika miaka ya 2010. Nuru yake nyeupe ni tunda la ugunduzi ambao Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014: diodi ya buluu. Kwa muda mrefu nyekundu na kijani zilikwisha kupatikana, lakini bila buluu haikuwezekana kufanya nyeupe. Taa nyingi nyeupe za ledi ni diodi ya buluu iliyopakwa unga uigeuzao sehemu ya nuru kuwa manjano. Kwa mvuvi jambo hili si la kitabuni tu. Ile buluu iliyobaki ndiyo iendayo mbali majini, na kwa hiyo ledi nyeupe ya baridi, ionekanayo kama ina kibuluu, hufaa kuliko ledi nyeupe ya manjano inayopendwa sebuleni.

Ledi ya kawaida hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati. Basi wati 12 za ledi hutoa nuru iliyo sawa na karabai moja itumiayo wati 1,200. Tofauti hiyo ni ya ajabu, na mnunuzi asiposhika hesabu yake huipoteza kwa kununua taa za wati 50 pale ambapo 12 zingetosha.

Tutazame fedha. Chombo chenye karabai nne huteketeza lita 4 kwa usiku. Kwa mwezi wenye usiku 20 wa kazi ni lita 80. Bei ya mafuta ya taa hubadilika, lakini wavuvi wengi wanakumbuka mwaka 2011, serikali ilipopandisha sana ushuru wa mafuta hayo ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Walioumia hawakuwa wachakachuaji peke yao. Msomaji na azidishe lita 80 kwa bei ya leo mwaloni kwake, kisha alinganishe na bei ya betri na paneli. Mara nyingi gharama ya mafuta hutolewa kwanza kabla ya tajiri na wavuvi kugawana, kwa hiyo wenye haki ya kuijua hesabu hiyo si tajiri pekee.

Betri, waya na paneli

Makosa mengi ya ledi si ya ledi bali ya betri. Tuchukue taa nne za wati 12: jumla wati 48. Kwa saa 8 zitatumia wati-saa 384. Tukigawa kwa volti 12 tunapata amperi-saa 32. Betri ya risasi na asidi haipendi kutumika zaidi ya nusu ya uwezo wake. Kwa hiyo tuhitaji mara mbili, amperi-saa 64, nayo dukani itakuwa betri ya 70 au 75. Anayenunua betri ya 35 kwa sababu hesabu ilitoa 32 ataipenda kwa miezi michache tu.

Betri ya gari si betri ya kuvulia. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha kujazwa upya mara moja. Ikimwagwa umeme wake usiku kucha, mabamba yake huharibika. Ile iuzwayo kwa ajili ya sola ina mabamba mazito zaidi, na bei yake ya juu hurudi baada ya muda. Ikipumzika na kusoma volti 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imefika nusu, na hapo taa zizimwe. Kipimo cha volti ni chombo kidogo cha bei nafuu, nacho chafaa kiwe ndani ya kila mtumbwi.

Kuijaza betri hiyo kwa jua la Kigoma, tuchukue saa 5 za jua kamili kwa siku na tukubali kwamba sehemu 30 katika 100 hupotea njiani. Wati-saa 384 zikigawanywa kwa 5, kisha kwa 0.7, hutoa wati 110. Paneli ya wati 120 itafaa. Siku za mawingu ya masika haitatosha, na mtu ajiandae.

Waya nao humeza. Wati 48 kwa volti 12 ni amperi 4. Waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, ukienda mita 10 kutoka kwenye betri hadi kwenye taa, hupoteza karibu volti moja, na taa hufifia. Waya wa milimita 2.5 hupoteza nusu ya volti na kidogo. Betri ikae katikati ya chombo, ndani ya sanduku la mbao au plastiki lililofungwa kwa kamba, na viungo vya waya vipakwe grisi.

Taa ichaguliwe isiyopepesa. Samaki waliokusanyika hutawanyika nuru ikiruka-ruka. Zipo taa za bei ya chini ambazo jicho letu huziona zimetulia kumbe zinawaka na kuzimika mara nyingi kwa sekunde. Ukiipunga kalamu mbele yake haraka utaona vipande vipande badala ya ukungu mmoja. Hiyo iachwe dukani. Na iwapo fundi aweza kuweka swichi ya kupunguza nuru, itafaa sana: nuru kali mwanzoni huita kutoka mbali, nuru iliyopunguzwa taratibu kabla ya kuinua wavu huwakusanya samaki karibu na katikati. Kuizima ghafula ni kuwaruhusu waondoke.

Kujaribu kwa kipimo

Yote yaliyosemwa juu ya rangi ni ya kuongozea tu, kwa kuwa maji ya Kagunga karibu na mpaka wa Burundi si ya Buhingu kusini, na ya Juni si ya Desemba. Mtu akiniuliza buluu au kijani, nitamjibu ajaribu. Lakini kujaribu kuna kanuni. Aliyenunua taa mpya, akaenda nazo usiku mmoja na kurudi na ndoo 30, hakujaribu chochote. Huenda mwezi, upepo au kundi la dagaa ndivyo vilivyofanya kazi.

Wapatane wenye vyombo viwili vilivyo sawa kwa wavu na watu. Usiku wa kwanza warushe sarafu: kimoja kichukue taa za zamani na kingine taa mpya. Waegeshe eneo moja, mbali kiasi ambacho taa haziingiliani. Usiku wa pili wabadilishane taa, si nyavu. Waendelee hivyo kwa usiku 10 au 12 ndani ya giza la mwezi mmoja, wakiandika kwa kila usiku idadi ya ndoo, saa ya kuwasha, wingi wa migebuka wadogo waliomo, na mafuta au volti zilizotumika. Kubadilishana ndiko kuondoako ustadi wa nahodha katika hesabu. Mwisho wajumlishe kwa taa, si kwa chombo. Ikiwa tofauti ni ndoo mbili tatu kwa usiku 12, taa hizo ni sawa, na iliyo rahisi ndiyo iliyo bora. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, wana kituo Kigoma, na daftari la namna hiyo si kitu watakachokikataa.

Safu ya migebuka wadogo isiachwe. Taa ikiwashwa karibu na pwani huita makinda ya lumbu na ya mgebuka, ambayo uzito wake ni mdogo na bei yake ni duni, na ambayo yangekua. Kwa mtazamo wangu, kutoka mbali zaidi ya pwani ni sehemu ya uchaguzi wa taa kama ilivyo rangi.

Nuru nyingi, samaki wale wale

Tukiisha kumpa mvuvi nuru iliyo rahisi, tumefanya nini ziwani? Taa haizai dagaa, huwakusanya waliopo. Mafuta yalipokuwa ghali yalikuwa kizuizi ambacho hakuna aliyekitunga: usiku wa mavuno haba mvuvi alirudi mapema kwa kuogopa gharama. Ledi imekiondoa kizuizi hicho. Sasa taa huweza kuwaka hadi alfajiri, na mwenye chombo kimoja hufikiria cha pili.

Haya yamekuja wakati ziwa lenyewe lina shida. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba kuongezeka kwa joto la maji ya juu kumepunguza kuchanganyika kwake na maji ya chini yenye rutuba. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ulikuwa umepungua kwa sehemu 20 hivi katika 100, na kwamba mavuno ya samaki yaweza kupungua kwa kama sehemu 30. Upepo wa kusini wa kiangazi ndio uinuao rutuba hiyo, na maji ya juu yanapokuwa na joto zaidi huwa mepesi, upepo ule ule hauna nguvu juu yake. Kwa hiyo mvuvi aongezaye taa huenda anajaribu kurudisha kwa nuru kile kilichopungua kwa joto.

Nchi nne zenye ziwa, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba wao mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Miezi mitatu bila dagaa ni mizito kwa nyumba za Katonga na Kibirizi, kwa wanawake waanikao na kwa wachuuzi walisubirio treni, na si vema anayeandika mezani kuifanya nyepesi. Kwa samaki ambaye maisha yake yote ni mwaka na kitu, hata hivyo, miezi mitatu ni sehemu kubwa ya umri.

Kwa upande wa taa, likizo hiyo ina hatari yake. Betri ya risasi ikiachwa tupu katika kibanda tangu Mei hadi Agosti, chumvi hugandamana juu ya mabamba yake na haitarudia uwezo wa awali. Ijazwe kabisa kabla ya kuwekwa, nyaya zitolewe, na ijazwe tena kila mwezi kwa paneli ile ile. Maji yaliyokenekwa yaongezwe penye vifuniko vya kufungulika. Iliyokufa isipasuliwe ufukoni wala kutupwa majini: risasi yake ni sumu, na maji ya ziwa hili, ambayo hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, huchukua zaidi ya miaka 400 kubadilika. Irudishwe kwa muuzaji. Wengi huipokea kwa uzani na kupunguza bei ya mpya.